Nilihamisha Vibao, Shemeji Yangu Akabeba Kosa

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Ukinisikiliza hadi mwisho utanichukia, wala sitakulaumu. Nimechoka tu kukaa na jambo hili peke yangu.

Mimi ni msimamizi wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Shelui, kando ya barabara ya malori. Tuna mashine mbili, na ukutani kuna swichi mbili. Zamani tuliziandika majina kwenye karatasi za gundi, lakini kiwandani kwetu mafuta yanafika kila mahali, hata kwenye chai. Karatasi zilibanduka ovyo. Tajiri akachoka, akaagiza vibao vya chuma kwa fundi wa Singida mjini, herufi zimechongwa ndani ya chuma chenyewe: MASHINE YA KWANZA, MASHINE YA PILI. Tukavifunga kwenye mashine na kwenye swichi zake. Ripiti, zile pini za chuma za kuvishikilia, nilizipiga mwenyewe, tena kwa madaha, nikiwaambia wateja kwamba hivi hata wajukuu zetu watavikuta.

Baadaye umeme ulituunguzia mota, fundi akaja kutengeneza. Alipomaliza, nyaya zilikuwa zimepishana. Swichi ya kwanza ikawa inazima mashine ya pili, na ya pili inazima ya kwanza. Akaniambia, "Bosi, wewe vihamishe tu hivyo vibao vya ukutani, mimi nawahi gari."

Nikasema kesho. Yalikuwa mavuno, magunia yamejaa hadi nje, nani angesimamisha kazi ang'oe ripiti? Kesho ikawa msimu mzima. Tukazoea. Kila aliyeanza kazi nilimwambia kwa mdomo: vibao vya swichi vimegeuka, usivifuate. Nao wakashika, maisha yakaendelea.

Msengi sikumwambia.

Msengi ni mdogo wa mke wangu, anatoka vijiji vya Nduguti. Mimi ndiye niliyemwita aje kufanya kazi. Asubuhi ile anaanza kazi, lori likaja kuchukua mashudu, yale makapi ya alizeti wanayolishwa ng'ombe. Nikamwachia mashine ya kwanza ikiwa tayari inazunguka, nikatoka kusimamia upakiaji. Nikajiambia nikirudi nitamweleza.

Huku nyuma umeme ukakatika, na mashine yake ikasimama ikiwa imekabwa na mashudu. Msengi ni mtu makini. Hakukurupuka kuingiza mkono. Alikwenda ukutani, akasoma kibao, akazima swichi iliyoandikwa MASHINE YA KWANZA. Ndipo akarudi kuchokonoa. Alifanya kila kitu sawasawa, ndugu yangu! Umeme ukarudi, na mashine aliyoamini ameizima ikazunguka na mkono wake ndani.

Ule ukelele siwezi kuusimulia. Wakati tunampakia kwenye gari alikuwa ananiambia, "Nilizima, shemeji. Nilisoma, nikazima." Hospitali wakamkata mkono juu ya kiwiko.

Hapo ningeweza kubaki mtu mzembe tu. Uzembe unaungamika. Lakini wenzangu walipoondoka naye, mimi nilisema nabaki kufunga kiwanda. Nikachukua drili, nikang'oa vile vibao viwili vya ukutani, nikavihamisha kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Nikapiga ripiti mpya, nikazipaka vumbi na mafuta zising'ae. Niliifanya kazi hiyo kwa utulivu, na hilo ndilo linalonitisha kuhusu mimi mwenyewe.

Kesho yake tajiri akaja na mkaguzi. Wakakuta swichi iliyozimwa ina kibao cha mashine ya pili. Jibu likawa rahisi: kijana mgeni, kazima isiyo yake. Vibao si hivi hapa, vya chuma, vinasomeka hata na mtoto? Wenzangu waliokuwa wanajua walivitazama vile vibao, wakanitazama mimi, wakainamisha vichwa. Wana familia, na mimi ndiye ninayewapangia kazi. Tajiri akasema hawezi kubeba mzigo wa mtu asiyesoma maandishi. Msengi akaachwa hivyo hivyo, bila fidia.

Yeye alibisha kwa muda. Alisema anakumbuka neno KWANZA, analiona hata akifumba macho. Alipopata nafuu, mke wangu, kwa kumhurumia na ili roho yake itulie, akamleta kiwandani aone mwenyewe. Msengi akasimama mbele ya swichi. Akapapasa zile herufi kwa vidole vya mkono uliobaki. Kisha akasema taratibu, "Basi nilisoma vibaya."

Tangu siku hiyo haamini macho yake. Kanisani kwao alikuwa ndiye anayesoma neno Jumapili, na sauti yake ilikuwa nzuri. Ameacha, anasema ataipotosha misa. Dawa akipewa, anamwita binti yake amsomee kilichoandikwa, kisha anamwambia arudie. Shamba analimiwa na majirani. Mkono ulichukuliwa na mashine, lakini hili la macho nimemfanyia mimi.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Nimejaribu. Nimefika hadi mlangoni kwake na maneno yote mdomoni, nikaishia kuulizia mvua. Nikisema, mke wangu ataondoka, na atakuwa na haki. Kila siku inayopita kosa linakuwa kubwa kuliko jana, na mimi nazidi kuwa mdogo. Sioni nitakapopata ujasiri. Nakuambia ukweli, sidhani utakuja.

Wewe unayesimamia watu na mitambo, kama kuna kibao kinachodanganya hapo kazini, kisha mnajuana wenyewe kwa wenyewe kwamba kinadanganya, king'oe leo. Siku moja atakuja mtu mwaminifu, atakisoma, na atakiamini.

Mwezi uliopita Msengi alikuja kututembelea. Tulipomaliza kula, dada yake akatoka na vyombo, tukabaki wawili. Akaniangalia, akasema, "Shemeji, nisamehe. Ulinitafutia kazi, nikakuaibisha mbele ya tajiri wako."

Nami, Mungu ananiona, nikamjibu, "Nilishakusamehe."