Bangili za Buthaina

Wewe unayejisifu una roho nzuri, nina ugomvi na wewe. Jirani yako alifiwa na mume, ukamhurumia mpaka ukamzika pamoja na huyo mume.

Hapa kwetu Mansura nyumba yenye msiba haioki vya Idi, majirani ndio huipelekea. Wagdi alipofariki, mkewe Buthaina aliletewa sahani mpaka meza ikajaa, akashukuru kwa machozi. Mwaka wa pili zikaja tena. Mwaka huu ni wa tatu, Ramadhani inaisha, jengo zima linanukia samli, naye kakaa jikoni peke yake anasikiliza wanawake wanavyokanda pamoja juu kwa Mama Hishamu.

"Samli yote kailamba Naglaa, na wala haimo kwenye unga!" mmoja wao akapaza sauti.

Wakaangua kicheko. Zamani angekuwemo. Wao ghuraiba zao, zile biskuti za samli za Idi, ni za duara, katikati karafuu. Yeye kwao ni Halab, mji wa mbali, huzikunja kama bangili, pistachio moja pale ncha zinapokutana. Walikuwa wakimtania: "Bibi harusi kaleta dhahabu zake!" Utani huo aliukosa sana.

Hakuna aliyemgongea. Basi akapiga samli na sukari mwenyewe mpaka ikawa nyeupe, akatia unga, akakunja bangili zake, akapandisha sinia juu.

Mama Hishamu alifungua, unga mpaka kwenye nyusi.

"Buthaina, dada yangu, umejisumbua nini? Sahani yako tunaiandaa."

"Sikufuata sahani. Nataka hizi ziende tanurini na zenu. Na mikono ninayo, niwasaidie kukanda."

"Hapana, wewe pumzika. Mwenye msiba haoki."

"Msiba ulishapita, Mama Hishamu."

"Unajikaza tu, masikini."

"Nani huyo?" mtu akauliza ndani.

"Mjane wa Wagdi."

Mama Hishamu akapokea sinia taratibu, kama anampokea mgonjwa mzigo, akafunga mlango.

Jioni sinia likarudi, na sahani ya zile za karafuu juu yake. Bangili zote zilikuwemo, zimeokwa. Hakuna aliyeonja, hakuna aliyetania. Buthaina akala moja akiwa amesimama. Ikayeyuka mdomoni, na hakuwa na wa kumwambia kwamba sukari imezidi.

Kwa hiyo nakuomba, Idi hii usimpelekee mjane wako sahani. Mgongee, mwambie unga umekushinda, aje akande. Halafu zile za kwake uzile, na umtanie.