Fundi Anayetaka Utetemeke

Fundi wa Ngokolo haligusi gari mpaka mwenye gari aigize mtikisiko wake. Huchuchumaa, mikono ya grisi magotini, akasema taratibu: “Haya, baba, tetemeka kama linavyotetemeka.” Ukitikisa mikono, ni matairi ya mbele, ukitikisa makalio, ni bushi, zile raba za nyuma. Basi Boaz kaja na kigari chake chepesi cha spoti, kampakia mama wa mchumba wake, mama ambaye posa bado hajaikubali. Atikise makalio mbele ya mama huyo? Akatikisa kidole. “Kidole hakina springi,” fundi akasikitika. Mama akashuka, akakaza kanga, akatikisa nyonga mpaka vumbi likatimka. “Hizo ni bushi za kushoto,” fundi akasema. “Za kulia je?” Mama akamgeukia Boaz, akihema: “Haya, mkwe wangu, tikisa upande wako!”