Nilimzoesha Mbwa Fimbo, Mjomba Akamchukua

Wenye ukurasa, jina langu lifunikeni vizuri, kwa sababu mjomba wangu hununua gazeti hili, hata kama ni la kufungia misumari dukani. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, naziba pancha hapa Emali. Shule niliiacha darasa la saba. Kusema ukweli, nilikuwa naifuata kwa ajili ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure. Lakini mambo ya tairi msiniulize mara mbili, madereva wa malori wananingoja mimi hata kama fundi mwingine amekaa bure.

Mwaka jana daktari wa mifugo alikuja kudunga mbwa sindano ya kichaa. Nyuma ya stesheni akapata mbwa jike asiye na mwenyewe, mbavu nje, amejikunja ndani ya tairi langu bovu. Mtu akipita na kijiti tu, anajikojolea. Daktari akasema mbwa kama huyo huwa anauawa. Sijui nini kilinishika, nikasema, "Huyo ni mgeni wangu." Daktari akacheka. "Basi kaa naye mpaka apate nyumba. Na umfundishe kuishi na watu, ama hakuna atakayemtaka."

Nilimpa jina Simba ili watu wacheke vizuri.

Mama alikubali kwa masharti, maana plot yetu ni ya kukodi na mwenyewe hataki mbwa. "Mvua ikianza, awe ameenda," akasema. Wiki ya kwanza Simba hakula nikimwangalia. Nilikuwa nageuza mgongo, naimba nyimbo za kanisa vibaya kabisa, hapo ndipo nasikia sufuria ikilambwa.

Mjomba, ndugu ya mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kikima, alikuja kututembelea akamwona. Akasema atamchukua alinde duka. Nilikataa, mama akisikia. Mbwa wa mjomba nawajua, wanafungiwa ndani ya pipa mchana kutwa na kulishwa pilipili ili wawe wakali. Nikamwambia, "Mjomba, huyu hawezi pipa." Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye akarudi, mpole kama siku ya harambee. Akaniambia mbele ya mama, "Susu yako kule Matinyani anakaa peke yake tangu babu aende. Ameniomba mbwa mtulivu wa kukaa naye mlangoni. Mtayarishe, nikija tena nimpelekee."

Susu ni nyanya yangu, mama yao. Hapo roho yangu ililainika kama grisi juani. Lakini Susu anatembea na fimbo, na Simba kitu anachoogopa kuliko vyote ni fimbo. Basi nikachonga fimbo, nikajifunga leso ya mama, nikawa natembea nimeinama kama ajuza, Emali nzima ikiniona. Wapiga debe wa matatu wakauliza, "Susu, unaenda kliniki?" Nikawajibu, "Naenda kuposa baba yako." Kila nikiinua fimbo, namrushia Simba ukoko wa ugali. Mwanzo alikimbilia chini ya lori. Baadaye akawa anasimama akitetemeka. Miezi miwili ilipoisha, nikiinua fimbo anakuja mwenyewe, analala miguuni, mkia unapiga chini, anangoja ukoko. Hakuna mwalimu wa Emali aliyewahi kufundisha mwanafunzi hivyo.

Mjomba alipokuja, kamba nilimpa kwa mkono wangu. Fimbo pia nilimpa, nikamweleza habari ya ukoko.

Krismasi ilipofika nikaenda Matinyani. Nikauliza, "Susu, Simba yuko wapi?" Susu akaniangalia kama nimelewa. "Simba gani, mwana wakwa? Mimi sijaomba mtu mbwa. Lakini ungemleta, ningemfukuza?"

Kesho yake nikawa Kikima. Simba yuko nyuma ya duka, ndani ya pipa, shingo imechubuka kwa nyororo. Nikasema, "Mjomba, ulisema ni wa Susu." Hakuona haya hata kidogo. "Wewe ulinikatalia mbele ya dada yangu. Mtoto wa pancha anikatalie mimi mbwa?" Halafu akamtoa, akachukua fimbo ili anionyeshe anavyomfanya awe mkali. Akaiinua. Simba akaenda akalala miguuni pake, mkia unapiga chini, macho yakitafuta ukoko. Mjomba akampiga. Hakukimbia. Akapigwa tena, akajivuta karibu zaidi.

Mimi ndiye niliyemwondolea akili ya kukimbia. Mjomba alinidanganya, sawa, lakini Simba akihesabu waliomsaliti, anaanza na nani? Nililia palepale, mimi ambaye jeki iliwahi kuniangukia kidole nikapiga mluzi.

Nilirudi bila yeye. Nikienda siku ambayo mjomba yuko kanisani, nimfungue nyororo, nimwite tu, atanifuata. Susu amesema, "Mlete hapa, huyo mwanangu nitaongea naye mimi." Lakini mama amekataa kabisa. Anasema kwa Wakamba mjomba haibiwi, laana yake ni nzito, na ndiye atakayesimama siku ya kwenda kuniombea mke. Akaongeza, "Ukimgombanisha ndugu yangu na mama yetu, usirudi kwa nyumba hii." Mama ndiye mtu pekee aliyewahi kunifungia mlango, na pia ndiye pekee aliyewahi kunifungulia.

Sasa nyinyi mliosoma mpaka mwisho, na mlio na wajomba, nipeni njia. Niende Kikima ama nikae na mama? Jibuni upesi, Jumapili haiko mbali. Mkichelewa mtakuta nimeshaenda, na hapo nitataka tu mnifundishe maneno ya kumwambia mama nikiwa nje ya mlango.