Simu ya Kasuba kwenye Sherehe ya Mwape

Kasuba alipiga muziki kwenye sherehe za jikoni hapa mtaani Chimwemwe, zile ambamo wanawake humfunda bibi harusi na kumjazia masufuria. Mashine ya muziki hakuwa nayo. Alikuwa na simu moja, waya mmoja na spika mbili za kuazima. Simu aliichomeka kiunoni kwenye pindo la kitenge, mikono ibaki huru kupiga makofi.

Ila simu yenyewe ilikuwa goigoi. Akibadili wimbo tu, inaduwaa kwanza.

"Simu yako ina kigugumizi, mwanangu," Bana Chola akamwambia. Huyo mama ndiye kungwi wetu. "Jumamosi namtoa Mwape. Ikikwama bibi harusi yuko mlangoni, namwita yule kijana wa mtaa wa Buchi mwenye kompyuta. Na msimu mzima nampa yeye."

Kasuba mbio kwa Ng'andu, binamu yake, fundi simu sokoni. Ng'andu akafungua kufuli la kiwandani la simu, akaweka programu ya kupandisha mwendo wa prosesa.

"Ni kama punda unamkimbiza," alisema. "Atakimbia, lakini atapata joto. Iweke mezani ipate upepo. Na kila ukiiwasha, mwendo upandishe mwenyewe. Hiki kisanduku cha 'anza hivi kila mara' usikiguse, dada. Ikizidiwa ikazima, iwake na mwendo wake wa kawaida."

"Nimesikia, nimesikia."

Alisikia kweli. Ila kupandisha mwendo kila asubuhi kulimchosha upesi, akakitia tiki kisanduku.

Jumamosi nyimbo zilipokezana bila kujikwaa. Bana Chola akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kasuba, kwa mazoea, simu kaichomeka kiunoni. Ikaanza kupata vuguvugu, ikawa moto, mara ikamchoma. Akaruka, kiuno kikaenda kushoto peke yake.

"Eeh! Kasuba kaleta mtindo mpya!"

Vigelegele. Wanawake wote wakaruka kushoto, hata shangazi wa Mwape mwenye goti bovu.

Kisha kimya. Simu imezima, na Mwape yuko mlangoni, anatambaa chini ya kitenge kama ilivyo mila. Kasuba akaiwasha, ikatoa kipande cha wimbo, ikazima tena.

"Nani ana namba ya kijana wa Buchi?" mtu akauliza nyuma.

Hapo Kasuba akakumbuka kisanduku. Kila ikiamka, inaamka inakimbia! Akaifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akaitumbukiza kwenye jagi la munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mizizi.

"Munkoyo wangu!" shangazi akapiga kelele. "Unainywesha simu?"

"Subiri kidogo, mama, tafadhali."

Bana Chola hana subira. Alivuta ngoma, akaipiga, wanawake wakaimba, Mwape akaendelea kutambaa polepole. Kasuba akaitoa simu, akaifuta, akaiwasha ikiwa bado baridi. Kidole kikakimbilia programu: tiki toa, mwendo rudisha ule wa kiwandani. Akaiweka mezani safari hii, akagusa wimbo wa bibi harusi.

Ikaduwaa. Kasuba akafumba macho. Ngoma ya Bana Chola ikajaza lile pengo, kisha wimbo ukaingia juu ya ngoma, taratibu, na Mwape akafika mkekani. Kitenge kilipofunuliwa, shangazi alikuwa analia, munkoyo kausahau.

Baadaye, watu wanakula nshima, ugali wetu, Bana Chola akamfuata.

"Hicho kigugumizi kiache hivyohivyo. Ngoma yangu imepata pa kuingilia. Jumamosi ijayo tuko kwa akina Bwalya, mimi na wewe."

"Asante, mama."

"Na ule mtindo wa kuruka uje nao."

Kasuba akashika kiuno, palipokuwa pamevimba.

"Ule, mama, nimeurudisha kiwandani."