Jeneza Lililolala kwa Jirani

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Tlokweng, baridi ya Julai inakata masikio. Gosego Ramotlhwa amesimama katikati ya ua wa watu, nyundo kubwa mkononi, anaipiga chemchemi ya saruji yenye simba wanne kana kwamba imemtukana. Ukimsikiliza, utaamini kweli imemtukana.

"Ningempiga aliyeijenga," anasema huku akihema. "Lakini huyo siku hizi hapokei simu. Basi acha tupige simba."

Vibarua wake wawili wanacheka. Yeye hacheki.

Gosego, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mbunifu wa bustani za nyumbani. Kazi yake huanza kabla jembe halijagusa ardhi. Anapima mteremko, anaangalia maji ya mvua yanakimbilia wapi na jua la mchana linachoma ukuta upi, anawauliza wenye nyumba wanaishi vipi, ndipo anachora. Alikulia kijijini Kanye, akafanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche, akasomea ubunifu jioni baada ya kazi. Mpaka leo mtaani wanamwita mama wa maua.

"Mama wa maua!" anafoka. "Mtu anamlipa fundi umeme, anamlipa wa mabomba, anamlipa hata wa kuchonga geti. Nikifika mimi ananiuliza, kwani kupanda mti nako kunataka mchoro?"

Mwenye ua huu, Rra (yaani Bwana) Mothusi Seleka, muuza vipuri vya magari, aliuliza vivyo hivyo. Miaka mitatu iliyopita alimwita Gosego akamwonyesha kiwanja. Mchoro mzima ungemgharimu pula elfu nne. Mbele ya nyumba Gosego aliacha uwanja wa udongo ulioshindiliwa, mtupu, na geti pana upande wa barabara.

"Akaniambia, 'Mma, hapa katikati mbona hujachora kitu?' Nikamwambia, hapo litasimama turubai. Akacheka mpaka akashika meza. 'Yaani nikulipe unichoree hewa?'"

Kwetu ua si wa kutazamwa dirishani. Hapo ndipo wajomba wanapokalishwa mahari ikizungumzwa, hapo ndipo harusi inapochezwa. Ukifiwa, watu watakuja kusali kila jioni wiki nzima, na marehemu atarudishwa nyumbani alale usiku wa mwisho na watu wake, azikwe asubuhi. Gari la maiti lazima liingie. Wapishi lazima wapate pa kuwasha moto. Rra Seleka aliyajua yote hayo tangu utotoni, lakini alikuwa ameona picha kwenye simu.

Akampa kazi fundi wa kumwaga zege. Chemchemi katikati, mitende ya mapambo safu mbili, vitofali vilivyotandazwa chini ukuta hadi ukuta, na kigeti chembamba chenye nakshi. Vyote pula elfu tisini.

Februari mwaka jana mama yake akafariki.

"Turubai halikuenea," anasema Rra Seleka, macho yakiwa chini. "Gari la maiti halikupita getini. Mvua ikaanza, maji hayana pa kuzama, yakatufika vifundoni, yakaingia sebuleni. Wajomba wakasema inatosha. Mama akalala kwa Mma Tshukudu, hapo ng'ambo ya ukuta. Nyumba hii nilimjengea yeye, na siku ya mwisho akalala kwa jirani."

Mwandishi wa habari hizi alifungua kinywa ampe pole. Gosego akamwahi.

"Usimhurumie! Mama mwenyewe alinishika mkono siku ile napima. Akasema, 'Mwanangu, pale mbele niachie pa kulala.' Nilikuchorea, Rra. Nilikuchorea!"

"Najua, Mma."

"Ukaona simba wana maana kuliko mama yako."

"Mma, najua."

Rahisi ghali, wahenga walisema, na Gosego ana haki ya kulisema kwa sauti. Siku hizi nusu ya kazi zake ni kubomoa. Anataja nyumba moja baada ya nyingine: nyasi za kigeni zinazonyweshwa maji wakati mabomba ya mtaa yamekauka, bustani zilizobanwa kwenye msingi wa nyumba na kumwagiliwa kila siku hadi udongo wa mfinyanzi ukavimba.

"Ukuta ukipasuka wanamtafuta mchawi," anasema. "Mchawi ni mpira wa maji!"

Safari hii kuna mtu anayesubiri. Baba yake Rra Seleka, mzee wa miaka sabini na tisa, anaumwa figo kijijini, mbali na hospitali anayotakiwa kufika kila wiki. Mwanawe amembembeleza ahamie hapa tangu mwaka jana. Jibu la mzee halijabadilika: "Siji kufia kwa jirani."

Ndiyo maana simba wanavunjwa. Vitofali vingi vimeng'olewa, na mfereji wa kokoto unapeleka maji ya paa kwenye miti miwili michanga ya marula, iliyopandwa kukinga jua la jioni lisiunguze dirisha la mzee. Maji ya kufulia nayo yataelekezwa huko. Mbele pamebaki patupu, pameshindiliwa vizuri.

Wiki mbili baadaye mzee analetwa kuangalia. Anapita kwenye geti jipya amenyoosha mikono yote miwili, fimbo ikining'inia, akipima. Miti haitazami.

"Turubai linaenea?"

"Linaenea, Rra," anajibu Gosego. "Na la wapishi kule nyuma."

"Gari?"

"Linaingia na kugeuka."

Mzee anaomba kiti. Anakaa katikati ya ule uwanja, juani. Kisha anamwambia mwanawe, "Mothusi, shusha mablanketi yangu garini."

Watu wote wanamtazama.

"Mbona mnanikodolea macho? Nimekuja kukaa, sijaja kufa."

Rra Seleka anakwenda garini na anachelewa kurudi. Akirudi, macho yake ni mekundu.

Gosego anafunga vifaa vyake. Mpango wake, anasema, ni kukodi meza kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kukaa pale pale watu wanaponunulia vitofali, awakamate kabla hawajalipa. "Nimechoka kuitwa baada ya msiba."

Nje ya geti anasimama ghafla. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba mpya, mashine ya zege inanguruma na mitende imelazwa chini ikisubiri kupandwa. Gosego anavuka bila kuangalia magari.

"Dumela, Rra! Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo, Mma."

"Mama yako yu hai?"

Yule bwana anashangaa. "Yu hai. Kwani vipi?"

"Basi zima hiyo mashine."