Mchi wa Dada Yangu

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Kwanza nakumbuka sabuni. Enzi zile rafu za duka la kijiji hapa Chilangala zilikuwa tupu, na siku mche mmoja ulipopatikana, mama aliukata kwa uzi, akavificha vipande kwenye kapu la mbegu. Kimoja nilikitafuna nikidhani sukari guru. Nilitoa povu hadi jioni, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sabuni zikajaa, mitumba ikajaa, na malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yakaanza kupanda huku. Kibarua wa lori mojawapo, kijana wa Nanganga, akamwoa dada yangu. Kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, basi akajenga jirani na mlango wangu. Alikuwa mcheshi, nisimwonee. Nilimpenda. Lakini mabibo yakiiva na uraka, pombe yake, ukichujwa, alilewa akampiga mkewe. Tukasema ni mambo ya ndani. Hata mimi nilisema hivyo, na mimi ndiye kaka mtu, mjomba wa binti yao; kwa mila yetu, wa kusema nilikuwa mimi.

Asubuhi moja nikasikia mchi unashuka, unatulia, unashuka tena. Dada hakuwa akitwanga hivyo. Nikaenda. Alikuwa akitwanga muhogo kwa mkono mmoja, wa pili ameufunga kwa kitenge shingoni.

"Nimeanguka, kaka."

Nikanyoosha mkono nimpokee mchi. Binti yake, wa miaka minne hivi, akajifunika kichwa. Mimi huyu, niliyemlea mgongoni.

"Lete," nikamwambia dada.

"Mwanamume hatwangi. Watakucheka."

"Wacheke."

Nikatwanga, vibaya, vipande vinarukia kuku. Binti wa jirani akapita na ndoo ya maji.

"Shikamoo, mjomba. Kumbe umeolewa?"

"Marahaba. Bado. Natafuta mume asiyepiga."

Nilisema kwa sauti. Shemeji alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Dada akageukia ukuta. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Kufikia siku ya nne wanawake walikuwa wanapitia pale makusudi, wananifundisha kupepeta. Binti wa dada akawa ananisogelea, anaokota vipande na kunirudishia kinuni kimoja kimoja.

Siku hiyo shemeji akatoka nje.

"Shemeji, unanidhalilisha mbele za watu."

"Mkono niliuvunja mimi?"

Akageuka arudi ndani.

"Hapa ni kwao mkeo," nikamwambia. "Ukibaki, hutamgusa tena. Na mpaka apone, utatwanga wewe."

Nikamnyooshea mchi. Aliutazama kitambo, na nilitamani aupokee, kweli kabisa. Akaenda kwenye kamba, akachukua shati lake, bado bichi, akalivaa hivyo hivyo, akashika njia ya Masasi, ya kurudi kwao. Hakurudi.