Wimbo wa Kumgombeza Baba

Wanawake wa Kola hawajui kwamba mwanaume wanayemsema kila wanapopitishiana mawe ni baba yangu. Niliwasikia katikati ya miaka ya elfu mbili, nilipokwenda huko kumtembelea rafiki niliyesoma naye. Walikuwa wanajenga ukuta kwenye mto mkavu, na wimbo wao ukanifanya nisimame barabarani na mkoba begani. Nikamuuliza mama mmoja wameutoa wapi. Akasema ni wimbo wa zamani tu, wa mume mbishi. Zamani! Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwepo siku ulipozaliwa, na kwamba ulizaliwa kwa shida kubwa. Lakini mimi nikianza kueleza simalizi, na wao walikuwa na mawe mikononi. Basi naueleza hapa.

Kwetu ni Mwala, kule chini kunakokauka mapema, ambako mto hupata maji siku chache baada ya mvua kisha ukabaki mchanga mtupu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwethya wetu, yaani kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa pamoja bila malipo, uliamua kujenga bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto. Mvua ikija inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki humo ndani, jua lisiyafikie. Kiangazi ukichimba kidogo tu, unachota. Mama zetu walikuwa wakifuata maji mbali na kurudi migongo imepinda, kwa hiyo habari ya ukuta huo haikuwa ya mchezo.

Kazi ya mwethya haiendi bila wimbo. Watu hupanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni, na jiwe hupita mkono kwa mkono. Wimbo ndio unaokuambia lini upokee na lini uachilie. Anayeimbisha tunamwita ngui. Si lazima awe na sauti tamu, ila ni lazima awe na mdomo. Ngui hutunga papo hapo na hamwogopi mtu: humwimba mvivu, humwimba aliyechelewa, humwimba mwenyekiti na kofia yake isiyooshwa. Ukiimbwa hukasiriki. Unacheka na wenzako, kisha unaongeza bidii ili ubeti unaofuata uende kwa mwingine.

Ngui wetu alikuwa mama yangu, na mdomo alikuwa nao.

Baba yangu alikuwa na moyo mgonjwa na kichwa kigumu. Dispensari walimkataza kubeba vitu vizito, naye akawashukuru vizuri sana, akaenda zake kubeba mawe. Bwawa lile lilikuwa wazo lake. Ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuwashawishi watu, na alikuwa amejiapiza kwamba mkewe hatazeeka akibeba mitungi ya maji. Asubuhi moja mama alimwona amevimba miguu, akamwambia leo huendi. Wakagombana hadi watu wakawasikia barabarani. Baba akacheka, akachukua jembe lake, akaondoka. Mama, kwa hasira, akabaki nyumbani. Kabla ya saa sita baba aliliweka chini jiwe alilokuwa amepokea, akaketi juu yake, na hakuinuka tena.

Siku ya mazishi mama hakulia.

Kwetu mjane asipolia watu huona, na wakishaona huanza kufikiri. Aliyeona kuliko wote alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto, likitazamana na letu. Yeye na mama walikuwa marafiki hasa. Waliazimana chumvi kwa kupiga kelele kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na habari zote za kijiji zilipita juu ya mto huo kabla hazijapita mahali pengine. Shangazi alilia siku ile hadi akashikiliwa. Kisha akageuka pale kaburini, mbele ya padri na watu wote, akasema, "Hata chozi moja, wifi? Hata mbuzi akikufa mtu husikitika."

Mama alimwangalia tu. Kelele za juu ya mto zikakoma siku hiyo.

Mama akaacha kwenda mwethya. Nilikuwa nimemaliza shule na nipo nyumbani nikisubiri maisha yaanze, kwa hiyo nikaenda badala yake. Na hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wetu tu wangeweza kulifanya kwa moyo safi namna ile. Mwenyekiti alisimama akasema ngui wetu yuko kwenye huzuni, kwa hiyo hakuna wa kuimba mahali pake mpaka arudi. Wote wakakubali. Ilikuwa heshima, tena heshima kubwa. Lakini hakuna aliyefikiria kumtuma mtu akamwambie mwenyewe. Mambo kama hayo kwetu hayasemwi. Mtu anatazamiwa ayajue.

Basi tukafanya kazi kimya. Sijawahi kuona kazi mbaya kama ile. Bila wimbo kila mtu hupokea jiwe anapojisikia na kuliachilia anapochoka. Mawe yakatuangukia vidoleni. Kucha yangu moja ikawa nyeusi, nami nikasema maneno ambayo mama angeyatungia beti nne. Ukuta ukabaki unatambaa, na mawingu ya mvua za vuli yakaanza kujikusanya upande wa milima. Mafundi wakatuonya kwamba mto ukija kabla hatujafunga ukuta, utabeba kila kitu, na kazi ya baba itaishia kwa watu wa chini kama kokoto.

Kila jioni mama aliniuliza swali moja. "Mmeimba?"

"Hatujaimba."

Alikuwa anarudi kwenye sufuria yake. Nilidhani anafurahi kwamba anaheshimiwa.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja msichana wa ushauri. Dispensari ya kanisa ilikuwa imemwajiri kuwatembelea wafiwa, jambo jipya kabisa kwetu. Alitoka upande wa magharibi mwa nchi, hakujua Kikamba, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni. Siku ya kwanza alimuuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Kwani mimi ni mgonjwa?" mama akasema. "Mimi niko sawa. Wewe umekula?"

Msichana akala. Akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa tena kwamba mama yuko sawa, akala tena. Mimi nilimdharau kidogo, lazima niseme, kwa sababu nilidhani amekuja kutumalizia chakula. Siku ya tatu alikuta mama ana rundo la mbaazi, akaketi chini bila kuuliza, akaanza kuambua maganda pamoja naye. Hakuuliza lolote. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikisikia mbaazi zikidondoka kwenye ungo, na mara mama akasema kwa Kiswahili, "Mimi niko na hasira."

"Na nani, mama?"

"Na yeye." Akanyoosha kidevu upande wa kaburi, nyuma ya ghala. "Nilimwambia asiende. Nilimwambia! Akanichekelea. Sasa watu wanataka nilie. Nikifungua hii mdomo, kilio haitatoka. Matusi ndio itatoka."

Nilisimama na mwiko mkononi. Kumbe mama yangu hakuwa mkavu. Alikuwa amejaa hadi shingoni.

"Na unampenda?" msichana akauliza.

"Mimi sijasema simpendi. Nimesema hasikii!"

"Kwa nini hujawaambia watu wako? Mbona mimi?"

Mama alifikiri kidogo. "Kwa Kikamba siwezi. Nikisema kwa Kikamba, yeye atasikia pale amelala. Kiswahili haikuwa inamwingia vizuri."

Msichana alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka na mbaazi zikamwagika. Nikasubiri mama amfukuze. Badala yake nikasikia sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau: mama naye alikuwa anacheka. Nikaegemea ukuta wa jikoni na machozi yakinitoka, na sikuyafuta.

Walipotulia, msichana akamuuliza mbona haendi mwethya. Uso wa mama ukafunga tena.

"Hawanitaki. Tangu mzee akufe hakuna mtu ameimba hapo. Mimi niko hapa nasikiliza kila siku. Wamefuata maneno ya wifi. Wanaona nyimbo zangu ndio zilileta kifo."

Hapo sikuweza kuvumilia. Nilitoka jikoni mbio na mwiko wangu nikidondosha uji njia nzima. "Mama! Wameacha kwa sababu yako! Mwenyekiti alisema hakuna wa kuimba mahali pako mpaka urudi. Tunaumia vidole kwa sababu yako!" Nikamwonyesha kucha nyeusi.

Alinitazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha nyingine. "Na kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Wao walikaa kimya kwa kumpenda, naye akakisikia kimya hicho kama hukumu, na sisi sote tulikuwa majirani tunaosikiana hata kukohoa.

"Nenda uwaambie hayo umeniambia," msichana akamwambia mama.

"Mbele ya dada yake?"

"Mbele ya dada yake."

Mama hakuahidi. Alijua, nami nilijua, kwamba neno moja baya juu ya marehemu mbele ya shangazi lingeweza kuzika urafiki wao moja kwa moja. Kwetu ugomvi wa wifi na wifi hurithiwa, na mimi ningekuwa mrithi. Nilimpenda shangazi yangu. Sikutaka urithi huo.

Siku ya mwethya iliyofuata mama aliamka, akajifunga leso yake ya kazi kiunoni, akatangulia mbele yangu bila kuniaga. Alipofika mtoni watu walimsalimia kwa sauti za chini, za hospitalini. Mstari ukapangwa. Shangazi alikuwa ameshasimama mahali pake karibu na ukuta, macho chini. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando yake, maana hapo ndipo baba alipokuwa akisimama na hakuna aliyetaka kuishika. Mama akaenda akasimama hapo.

Jiwe la kwanza likaanza kushuka. Lilipofika kwa mama alilishika, hakulipitisha. Akainua kichwa, na kwa Kikamba, kwa sauti ya kuvuka mto, akaimba:

*Nilikwambia keti leo, ukachukua jembe.*

Wimbo wa kazi hauwezi kutembea kwa mguu mmoja. Ngui akitupa mstari, watu wanaudaka. Hakuna aliyeudaka. Waliganda. Walielewa mara moja anaimbwa nani, na pale pale alipofia. Mwenyekiti alivua kofia yake, sijui kwa nini. Mama akaimba tena:

*Nilikwambia moyo wako ni mgonjwa, ukanicheka.*

Kimya. Nilimwangalia shangazi. Alikuwa ameinua macho, anamtazama mama, na mdomo wake ulikuwa unatafuta kitu. Nikajisemea, sasa anamlaani, basi tumekwisha.

Shangazi akafungua mdomo, akaimba:

*Hasikii huyo! Tangu utotoni hasikii!*

Halafu akanyoosha mikono kupokea jiwe.

Mama akampa. Mstari mzima ukalipuka: *Hasikii huyo! Tangu utotoni hasikii!* Na mawe yakaanza kushuka kutoka kilimani, moja baada ya jingine, yakipokewa na kuachiliwa panapotakiwa. Mama aliimba yote. Aliimba miguu iliyovimba na dawa alizozificha baba chini ya godoro. Aliimba kwamba amemwachia mbuzi wasiofungika na binti mwenye mdomo kama wake, na watu wakanigeukia wakacheka, nami nikainama kama mtu aliyepewa zawadi. Shangazi naye akawa anaongeza beti zake: jinsi baba utotoni alivyopanda mti aliokatazwa akavunjika mkono, jinsi alivyomchapa ng'ombe dume wa jirani kwa fimbo ya mwalimu. Mambo hayo mama hakuwahi kuyajua. Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya mtu huyo, na siku hiyo walipitishiana.

Mahali fulani katikati ya beti hizo mama alianza kulia. Hakuacha kuimba na hakuacha kupokea mawe. Machozi yalimtiririka hadi shingoni, na shangazi alilia pamoja naye, na walipofanya hivyo kilio cha mazishi kilipatikana hatimaye, kimechelewa lakini kamili, na cha watu wote. Sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo siku ile, nikilia mtoni na kucha nyeusi.

Tulifunga ukuta kabla ya mvua. Mto ulikuja usiku mmoja ukinguruma, na asubuhi tukaukuta ukuta umesimama, maji yanaupita juu yakiwa mekundu kwa udongo. Tulipiga vigelegele hadi punda wa shangazi wakakimbia.

Kiangazi kilichofuata, mto ulipokuwa umekauka juu, mama na shangazi walikwenda kuchimba mchangani, nami nikawafuata. Hawakuchimba sana. Maji yakaja yakijaza shimo polepole, safi kabisa. Hawakuyanywa. Waliyachota kwenye kibuyu, tukapanda nayo hadi nyuma ya ghala, na mama akayamwaga juu ya kaburi kidogo kidogo.

"Maji ndiyo hayo," akamwambia, kwa Kikamba, kwa sauti kubwa. "Ulikuwa mbishi, lakini maji ndiyo hayo. Asante."

Tukasubiri, sijui tulikuwa tunasubiri nini. Shangazi akaegemeza kichwa begani kwa mama.

"Hasikii huyo," akasema.

Wakacheka hadi wakaketi chini kwenye matope.